Jiwe la amethisto shingoni halimwondolei mbwa hofu

MAWINGU ya masika yanapotanda juu ya Milima ya Ngong, wakazi wengi wa Karen, Lavington na Kileleshwa hawahitaji kusikiliza redio ili wajue kuwa mvua i karibu. Huarifiwa na mbwa wao.

Mnyama aliyekuwa amejinyosha barazani huinuka ghafla, akaanza kuzungukazunguka huku akihema na ulimi nje. Mkia huufyata. Ngurumo ya kwanza inapolia, huwa tayari amejibanza chini ya gari, au anaukwaruza mlango wa jikoni hadi kucha zinatoka damu.

Hali huwa mbaya zaidi wakati wa Diwali na usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, fataki zinapolipuka katika anga ya Westlands na Parklands. Wapo mbwa ambao huruka ua kwa woga, na kesho yake hupatikana wakitangatanga kando ya barabara ya Waiyaki Way. Wengine hupatikana wamegongwa na magari.

Ni shida hii ambayo imewafanya baadhi ya wenye mbwa kujaribu tiba ambayo wazazi wetu wangeishangaa: mawe ya fuwele. Jiwe hufungwa kwenye ukanda wa shingo, huwekwa chini ya tandiko analolalia mbwa, au hupitishwa polepole juu ya mgongo wake.

Mwandishi wa makala haya aliiona tiba hiyo kwa mara ya kwanza kwa jirani mmoja mtaani Kileleshwa. Mbwa wake, wa aina ya German Shepherd na mwenye umri wa miaka minane, alikuwa ameshonewa kifuko kidogo cha kitambaa kwenye ukanda wa shingo. Ndani yake mlikuwa na kijiwe cha rangi ya zambarau.

"Linamtuliza," mama huyo alieleza. "Tangu nimfunge, halii kama zamani."

Alikuwa akisema kweli jinsi alivyoiona, na hakuwa mjinga. Tutarejea kwa mbwa huyo baadaye.

Jiwe lenyewe lilikuwa amethisto, jina ambalo wasomaji wa Biblia wanalifahamu, kwa maana limetajwa miongoni mwa mawe ya kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu na tena katika misingi ya mji mtakatifu kwenye kitabu cha Ufunuo. Wagiriki wa kale ndio waliolipa jina hilo, likiwa na maana ya "asiyelewa". Waliamini kwamba anayelivaa au kunywea kikombe kilichotengenezwa nalo hawezi kulewa divai. Yamkini wengi waliligharamia jiwe hilo na bado wakarudi nyumbani wakipepesuka.

Imani ya aina hiyo si ngeni kwetu pia. Katika mwambao wa Pwani, pete ya akiki imevaliwa tangu zamani na watu wanaoamini kuwa ina baraka au kinga. Hirizi nazo zimefungwa kwenye mikono na shingo za watoto vizazi na vizazi. Kwa hivyo anayedhani kwamba mawe ya kutuliza ni mageni yaliyoshuka na ndege kutoka ng'ambo, ana nusu tu ya ukweli.

Lakini mfumo unaouzwa leo, ambamo kila jiwe lina kazi yake na kila rangi ina sehemu yake ya mwili, ulienea zaidi kutoka Marekani na Uingereza kuanzia miaka ya 1970 na 1980. Ulichota dhana za vituo vya nguvu mwilini kutoka mapokeo ya Kihindi na kuzichanganya na mambo mengine. Amethisto ikapewa kazi ya kutuliza akili, kwatzi ya waridi ikapewa mapenzi, na mawe meusi yakapewa jukumu la kufukuza mabaya. Baadaye wanyama nao wakaingizwa katika orodha ya wagonjwa.

Fuwele ni nini hasa? Ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudiarudia. Chumvi ya jikoni ni fuwele. Sukari pia. Amethisto ni kwatzi, yaani muungano wa silikoni na oksijeni, ambayo imepata rangi yake kutokana na chembe chache za chuma pamoja na mnururisho wa asili ndani ya miamba.

Wauzaji husema kuwa mawe haya yana "mitetemo" inayorekebisha mitetemo ya mwili. Hapa pana kipande cha ukweli kilichovutwa mbali kupita kiasi. Mnamo mwaka wa 1880, ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba kwatzi ikikandamizwa hutoa umeme kidogo. Kinyume chake pia ni kweli: ikipitishiwa umeme, hutetemeka. Ndiyo maana saa nyingi za mkononi huwa na kipande chembamba cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde.

Hata hivyo, saa hiyo ina betri. Betri ikiisha, kwatzi hunyamaza na mishale husimama. Jiwe lililoshonewa kwenye kitambaa shingoni mwa mbwa halina betri, halijakatwa kwa kipimo chochote na halitoi chochote ambacho mwili wa mnyama unaweza kukipokea.

Isitoshe, mnunuzi hawezi kuwa na hakika ya anachonunua. Baadhi ya mawe ya manjano yanayouzwa kama sitrini ni amethisto iliyochomwa kwa joto kali hadi ikabadilika rangi. Yale yaitwayo opalaiti ni kioo kilichotengenezwa kiwandani. Akiki nyingi zenye rangi ya samawati au waridi ya kung'aa zimetiwa rangi. Ni vitu vya kupendeza, na hakuna ubaya mtu akinunua kijiwe katika duka la vito katikati mwa jiji akakiweka mezani. Tatizo huanza pale kijiwe hicho kinapopewa kazi ya daktari.

Na kama mawe ya thamani yangekuwa na uwezo wa kuleta utulivu, basi Taita Taveta ingekuwa kaunti tulivu kuliko zote nchini. Humo ndimo yanamochimbwa rubi na savoraiti, jiwe la kijani lililopewa jina la mbuga ya Tsavo. Mwanajiolojia Campbell Bridges, aliyelivumbua jiwe hilo, aliuawa na kundi la watu karibu na Voi mnamo Agosti 2009 kufuatia mzozo juu ya machimbo.

Swali la iwapo fuwele hufanya kazi liliwahi kujaribiwa kwa wanadamu. Mnamo mwaka wa 2001, mwanasaikolojia Christopher French wa chuo cha Goldsmiths jijini London aliwasilisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 80. Baadhi walipewa fuwele halisi washike wakitafakari, na wengine wakapewa za bandia bila kujua. Makundi yote mawili yalieleza hisia zile zile: mwasho wa vidole, joto mkononi, utulivu. Hisia zilitegemea zaidi yale waliyokuwa wameambiwa wayatarajie.

Mbwa haambiwi atarajie nini. Hajui bei ya jiwe wala kazi yake. Mbona basi wenye mbwa husema wameona mabadiliko?

Sababu ya kwanza ni kwamba anayetarajia ni mwenye mbwa. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mnamo 2012 waliwachunguza mbwa wenye ugonjwa wa viungo waliokuwa wakipewa dawa isiyo na kitu ndani. Mbwa walikanyagishwa kwenye chombo kinachopima uzito wanaouweka kwa kila mguu. Chombo kilionyesha kuwa hawajapata nafuu, ilhali wenyewe walisema wamepata. La kushangaza zaidi, hata madaktari wa mifugo walidanganyika vivyo hivyo.

Sababu ya pili ni kwamba hofu ya kelele huja na kuondoka. Ngurumo hukoma. Fataki huisha. Mtu akimfunga mbwa jiwe saa tano usiku, na saa saba kimya kikatanda, ni rahisi kulisifu jiwe.

Ya tatu ndiyo yenye uzito. Mtu anayempitishia mbwa wake jiwe mgongoni hulazimika kuketi sakafuni kando yake, kuzima runinga, kupunguza sauti na kumgusa kwa upole kwa muda wa nusu saa. Huenda hiyo ikawa ndiyo nusu saa ya pekee ambayo mnyama huyo amepewa juma zima. Aidha, mbwa husoma hali ya mwenyewe kuliko tunavyodhani. Utafiti uliofanywa nchini Uswidi na kuchapishwa mwaka wa 2019 ulipima homoni ya msongo kwenye nywele za mbwa na za wenyewe, na ukapata kwamba viwango hivyo hupanda na kushuka kwa kufuatana. Mwenye mbwa akitulia, kwa jiwe au bila jiwe, mbwa naye hupata faida.

Na katika jiji la Nairobi, sababu za mbwa kuwa na hofu si chache.

Mbwa husikia sauti nyembamba mno, hadi mitetemo takriban 45,000 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hufika 20,000 tu. Kwake yeye, king'ora cha gari la jirani na msumeno wa fundi wa vyuma ni adhabu. Mitaa ya Kileleshwa na Lavington, ambayo zamani ilikuwa ya nyumba za ghorofa moja zenye bustani pana, imejaa majumba marefu, na pale yanapojengwa mashine hunguruma kutwa. Kati ya 2020 na 2022, ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi Expressway ulileta mtikisiko hadi Westlands. Katikati mwa jiji, wakati wa maandamano ya Juni na Julai 2024, milipuko ya vitoa machozi ilisikika siku nyingi, na mbwa wa walinzi huvuta hewa ile ile tunayoivuta sisi.

Kuna pia desturi yetu ya ulinzi. Mbwa wengi wa Nairobi hufungiwa vibandani tangu alfajiri na kufunguliwa usiku, kwa dhana kwamba asiyezoea watu atakuwa mkali. Bango la "Mbwa Mkali" langoni ni sehemu ya mandhari ya mitaa hii. Lakini mnyama asiyewahi kuona mgeni, mwavuli wala pikipiki mchana, huwa mkali kwa sababu anaogopa, na mbwa mwenye hofu humng'ata hata mtoto wa nyumbani. Majuma ya awali, kuanzia la tatu hadi takriban la kumi na mbili tangu kuzaliwa, ndiyo wakati kinda la mbwa hujifunza kipi cha kuogopwa na kipi si cha kuogopwa. Likizipitishia kibandani, hasara hiyo ni vigumu kuifidia.

Dalili za hofu si kulia tu. Mbwa anayepiga miayo bila usingizi, anayelamba midomo pasipo chakula, anayegeuza uso na kuonyesha weupe wa macho, au anayetetemeka huku makanyagio yake yakiacha unyevu sakafuni, anasema jambo lile lile.

Turejee sasa kwa mbwa wa Kileleshwa. Mnyama huyo alikuwa ameishi miaka saba bila kuijali radi. Hofu ilimjia akiwa mtu mzima, tuseme, na hilo pekee lingetosha kutia shaka. Jiwe lilikaa shingoni tangu masika hadi karibu na vuli. Alipopelekwa hatimaye kwa daktari wa mifugo, kwa sababu alikuwa ameanza kukataa kupanda ngazi, ilibainika kwamba viungo vya nyonga vilikuwa vimeharibika na vilimuuma.

Uhusiano wa mambo hayo mawili umechunguzwa. Mwaka wa 2018, watafiti kutoka Brazil na Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa mbwa wenye hofu ya kelele. Wale waliokuwa na maumivu ya misuli au viungo walianza kuogopa wakiwa na umri mkubwa zaidi, na hofu yao ilisambaa upesi hadi kwa mahali na mambo mengine. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba mbwa anaposhtuka, misuli hukaza. Kiungo kibovu huuma. Naye huunganisha maumivu na kelele. Mbwa wa jirani yetu alipopewa dawa za maumivu, alipata nafuu. Miezi ile aliyovaa amethisto alikuwa akiumwa.

Hapo ndipo penye madhara ya tiba hii. Yanafanana na yale ya jiwe la nyoka, kile kipande cheusi cha mfupa uliochomwa ambacho katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hubandikwa palipong'atwa na nyoka kikidhaniwa kuwa hufyonza sumu. Jiwe lenyewe halimdhuru mtu. Kinachomdhuru ni saa zinazopotea kabla ya kufika hospitalini.

Kwa upande wa mbwa, kuna jambo zito zaidi la kuzingatia. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ulithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi, na haujaondoka tangu hapo. Mkakati wa kitaifa uliozinduliwa mwaka wa 2014 unanuia kuutokomeza kufikia 2030 kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Ugonjwa huo aghalabu huanza kwa mabadiliko ya tabia: mbwa mpole akawa msumbufu, mkali akajificha gizani, akashtuka kwa mwanga au sauti ndogo. Mwenye mbwa asiyechanjwa anayeona mabadiliko ya ghafla kama hayo hapaswi kuketi naye sakafuni akimpapasa kwa jiwe. Amtenge, asimguse, na aite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Mawe yenyewe pia yana hatari zake, ingawa ni ndogo. Mbwa hutafuna kifuko na kumeza kijiwe, na kijiwe kikikwama kwenye utumbo, upasuaji huhitajika. Malakiti ina shaba, galena ina risasi; hayo si ya kuwekwa karibu na mdomo wa mnyama. Wale wanaoambatanisha fuwele na taa za chumvi wajue kuwa mbwa anayelamba chumvi nyingi huweza kupata sumu.

Basi mtu afanye nini mvua ikija?

Mwaka wa 2020, mtafiti Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alichapisha majibu ya wenye mbwa zaidi ya 1,200 kuhusu mbinu walizotumia dhidi ya hofu ya fataki. Zaidi ya asilimia 70 ya waliompa mbwa chakula kitamu au mchezo mara tu baada ya mlipuko walisema ilisaidia. Dawa zilizoandikwa na daktari na mafunzo ya kutulia zilikaribia kiwango hicho. Mafuta ya kunukia, dawa za mitishamba na nyinginezo za aina hiyo zilipata kati ya asilimia 27 na 35, kiasi ambacho matumaini ya mwenye mbwa pekee yanaweza kukileta. Ni kweli haya ni maelezo ya wenyewe, yenye udhaifu ule ule tuliouona, lakini tofauti hiyo si ndogo.

Mbinu ya chakula haigharimu sana. Vipande vidogo vya matumbo yaliyochemshwa vinatosha. Radi inapolia, kipande hutolewa papo hapo. Radi nyingine, kipande kingine. Kelele hugeuka kuwa habari njema. Lazima chakula kifuate kelele, kisiitangulie, la sivyo mbwa ataanza kukishuku chakula chenyewe.

Siku ambazo anga ni shwari, kelele zilizorekodiwa huchezwa kwa sauti ya chini kabisa, kiasi kwamba mbwa anasikia bila kushtuka, huku akipewa chakula. Sauti huongezwa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Akianza kutetemeka, mwenye mbwa amekwenda mbio mno, arudi nyuma.

Usiku wa fataki wenyewe, mbwa aingizwe ndani, katika chumba kisicho na madirisha mengi, mapazia yafungwe na redio iwashwe. Achoshwe kwa matembezi mapema jioni. Akitaka kujificha chini ya kitanda, aachwe. Kumbembeleza hakumfanyi awe mwoga zaidi, kinyume na wasemavyo wengi, lakini kumchapa humwongezea hofu.

Kwa hofu kali, zipo dawa. Fluoksetini na klomipramini zimeidhinishwa nchini Marekani kwa mbwa wenye wasiwasi wa kuachwa peke yao, na pia imeidhinishwa huko dawa ya kupakwa kwenye ufizi dhidi ya hofu ya kelele. Daktari ndiye wa kuamua ipi inafaa na ipi inapatikana hapa. Asipewe mbwa tembe za usingizi za binadamu, pombe wala bangi. Aidha, mwenye mbwa aulize kuhusu asepromazini ikiwa atapewa hiyo pekee: humfanya mnyama alale kimya kama gogo, ilhali moyoni hofu iko pale pale.

Wenye kuhudumu hawako mbali. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo katika bewa la Upper Kabete, umbali mfupi kutoka Kangemi. Shirika la KSPCA, ambalo asili yake ni mwaka wa 1910, lina makao yake Karen. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2011, kila daktari wa mifugo sharti awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini, na mwananchi ana haki ya kuuliza nambari yake ya usajili kabla ya kulipa.

Yule mama wa Kileleshwa hakulitupa jiwe lake. Alilitoa kwenye ukanda wa mbwa akaliweka dirishani, ambapo jua la asubuhi hulipiga. Kwenye ukanda sasa pananing'inia kibati chenye nambari yake ya simu, endapo mbwa huyo ataruka ua tena fataki zikilia.